Heko, Kokoto!

Washairi wameusifu mwezi, wamelisifu jahazi, wamemsifu hata paka. Kokoto hajapata wa kumsifu. Leo nalilipa deni hilo, na ninayemkusudia si kokoto yeyote tu bali yule wa barabara ya Dempster huko Kanada, inayoanzia karibu na mji wa Dawson, Yukon, na kwenda kilomita zipatazo 740 hadi Inuvik, ng'ambo ya Duara la Aktiki.

Ukitaka kuipeleka huko nyumba ya magurudumu, lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, utajidanganya kwamba mpangaji wa safari ni wewe. Unatandaza ramani, unagawa kilomita kwa siku. Kokoto anakutazama tu. Ameshapanga.

Ameanza na gari lenyewe. Mikataba mingi ya kukodi inakataza kulipitisha kwenye changarawe. Kampuni ni makarani tu, kifungu alikitunga yeye. Mwenye gari lake mwenyewe naye kapewa masharti: matairi mawili ya akiba, jeki yenye ubavu wa kuinua mzigo huo wote, pampu ya upepo, na mafuta ya kutosha, maana ukishaiingia barabara hiyo, pampu inayofuata iko Eagle Plains, kilomita 369 mbele. Hapo pia ndipo alipo fundi wa pancha, na hajawahi kulalamika kwamba biashara ni mbaya.

Ustadi wake nao! Sehemu nyingine za Dempster ni vipande vya mwamba wa matabaka, bapa na vyenye makali. Kwa gari lenye matairi pacha nyuma, kokoto hujibana katikati yao na kuzisaga mbavu za wote wawili bila upendeleo. Kioo cha mbele hukishughulikia kwa msaada wa lori. Linakuja na wingu lake la vumbi, mnapishana, ta! Imetokea nyota ndogo, haizidi punje ya dengu. Unamshukuru Mungu kwamba ni ndogo. Asubuhi, kioo kikiwa bado na baridi ya usiku, unawasha hita. Mstari mwembamba unatoka kwenye nyota ile, unatembea taratibu mbele ya macho yako hadi ukingo wa pili. Kwenda mwendo wa kobe na kusimama pembeni lori linapopita ni adabu ambayo polisi wameshindwa kuwafundisha madereva. Yeye huifundisha kwa somo moja.

Wapo wanaouliza kwa nini serikali haiweki lami. Hawa hawamjui mfadhili wao. Chini ya sehemu kubwa ya barabara hiyo ardhi imeganda mwaka mzima. Ukiikwangua majani na udongo wa juu, joto la kiangazi huifikia barafu, ikayeyuka, na barabara ikazama kwenye tope. Kwa hiyo wahandisi hawakuchimba. Walimwaga tuta nene la changarawe juu yake, ili barafu ibaki barafu. Lami hunyonya jua. Anayebisha aiendee barabara ya Alaska, iliyojengwa na jeshi la Marekani mwaka 1942 na leo ina lami: karibu na mpaka wa Yukon na Alaska ardhi imeinuka na kudidimia chini yake, na masufuria ndani ya gari hucheza ngoma bila kokoto hata mmoja kuhusika.

Haki itendeke kwa W. J. Dempster mwenyewe, askari aliyekwenda mwaka 1911 kuwatafuta wenzake waliopotea kwenye theluji, akawakuta wamekufa. Alisafiri kwa mbwa, na mbwa hawapati pancha. Barabara yenye jina lake ilifunguliwa 1979, na tangu hapo kokoto hajalala. Mwaka 2017 akaongezewa himaya: kilomita nyingine 138 hivi, kutoka Inuvik hadi Tuktoyaktuk, kwenye Bahari ya Aktiki.

Hapo watu hushuka, hutumbukiza vidole majini, hupiga picha, hupiga kelele kwa baridi. Halafu mmoja hukumbuka kwamba njia ya kurudi ni ileile, na kokoto waliomkosa wakati wa kwenda bado wako pale pale.