Mkoba Mweupe wa Aprili

Majira ya kuchipua yakiingia New York, gauni la manjano ya limau hutafutiwa mpatanishi, na kazi hiyo hupewa mkoba mweupe. Maskini mkoba! Umeajiriwa kutuliza rangi, lakini mvua ya Aprili haina habari. Kufika kituo cha treni, tone la kahawa limeshatua karibu na zipu, na jaketi jipya la jinzi limeuachia alama ya buluu ubavuni.

Wajuzi wa adabu za mavazi Marekani waliagiza nyeupe isubiri Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Paris haikusubiri mtu: mwaka 1964 mbunifu wa mavazi André Courrèges alitoa buti nyeupe bapa, zikaigwa huku na huko.

Nani wa kuzisugua, hilo halikuwa kwenye onyesho.