Siri Iliyosikika Ploti Nzima

Mwandishi wa safu hii aliishi kwa amani na majirani zake wote wa Arua, hadi Jumamosi ile alipokwenda Koboko.

Koboko ni mwendo wa kilomita 50 na ushei kwenye lami, na Kongo na Sudan Kusini ziko hapo hapo jirani, kwa hiyo sokoni hukosi kitu. Katikati ya rundo la chaja na rimoti zilizofiwa na televisheni zao, aliziona: hedifoni za AKG K240, toleo la zamani, kazi ya Austria, ngozi ya utosini imepasuka kama kisigino cha kiangazi. "Hizi za studio, mzee," muuzaji akaapa. Mwandishi akapunguziwa, akalipa, akarudi Arua akitabasamu peke yake ndani ya teksi.

Nyumbani akazichomeka kwenye simu. Sauti ikaja kama mbu aliyefungiwa chupani. Akapandisha hadi mwisho. Mbu akasogea kidogo. Mwandishi akamlaani muuzaji pamoja na ukoo wake.

Alimwonea bure. Fundi redio wa mtaani alizigeuza akaonyesha maandishi madogo: omu 600. "Hii inataka volti, bwana. Simu yako inazo?"

Simu nyingi hutoa nusu volti hadi volti 1 hivi. Hedifoni za omu 32 zikipewa nusu volti hupata karibu miliwati 8, na hapo kelele zinatosha. Za omu 600 huambulia chini ya nusu miliwati. Ni kumlisha fahali kwa kijiko cha chai. Dawa safi ni amplifaya ndogo ya hedifoni, lakini hela ilishabaki Koboko. Fundi akaulizia amplifaya ya marehemu mzee wa mwandishi, ile yenye tundu nene la milimita 6.35 mbele.

Amplifaya nyingi za enzi hizo hazina saketi ya pekee ya hedifoni. Umeme ule ule wa spika hupitishwa kwenye rezista, mara nyingi ya omu mia kadhaa, ndipo ufike tunduni. Hedifoni ya omu 32 ikiwekwa hapo, rezista hula karibu volti zote. Ya omu 600 hubakiwa na fungu kubwa. Wazee kwa wazee, wakaelewana.

Kasoro ilikuwa mvumo. Kabla gridi ya taifa haijafika, Arua ilitegemea jenereta na mtambo wa Nyagak wa megawati 3.5, na wengi wakajiwekea sola. (Ya mwandishi ilinunuliwa na mkewe, jambo ambalo litamrudia.) Inveta ya bei chee hutoa umeme wenye kona kona, na kona hizo husikika. Alipohamia umeme wa nguzo, mvumo ukakata.

Saa tano usiku, mama mkwe mgeni amelala chumba cha pili, mwandishi akavaa hedifoni na kumweka Franco: "Mario", wimbo wa 1985 kuhusu kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Magitaa yakammiminikia. Akapandisha. Akainuka akacheza, macho kafumba, akiitikia kwa Kilingala chake cha sokoni.

Alipofumbua, mama mkwe alikuwa mlangoni, kitenge mabegani. Midomo yake ilicheza bila sauti. Mwandishi akavua hedifoni. Mario akaendelea, vile vile, kwenye spika zote mbili.

Ndani ya tundu lile mna vibati ambavyo pini ikiingia hutengana na kuzima spika. Vya amplifaya ya marehemu vimechoka, havitengani tena. Mama mkwe, aliyefanya biashara Kongo miaka mingi na ambaye Kilingala hakimpiti neno, aliuliza moja tu:

"Mkwe, ile sola nasikia alinunua binti yangu?"

Siku hizi, kila usiku, mwandishi hupiga magoti nyuma ya amplifaya, tochi mdomoni, akichomoa nyaya 4 za spika. Jirani wa ukutani bado hugonga saa tano, akiuliza kama umeme umekatika.