Moja Moto, Moja Baridi: Mwongozo wa Baa za Mkolani kwa Mgeni

Kama umepanda daladala ya Buhongwa kutoka mjini Mwanza kuja Mkolani, konda ameshakupitisha kituo ulichotaka, wala usimlaumu, maana baa hukuikosa. Ipo kila kituo. Tunajua umetembea. Umeshakunywa bia za viwanda vidogo vya Nairobi na Cape Town, unatofautisha stauti na IPA kwa harufu tu, na umekuja kuona mitindo ya bia ya huku pamoja na udugu wa wanywaji wake. Vyote vipo. Fuata maelekezo haya hatua kwa hatua. Utayafuata vizuri mpaka chupa ya pili, kisha utaharibu kama walivyoharibu waliokutangulia.

Anza na kiti, kwa sababu wageni wengi huishia hapo. Viti ni vya plastiki, vimechapwa nembo ya kampuni ya bia, na jioni mapema vyote vinaonekana havina watu. Usidanganyike. Kile cha ukutani, chini ya feni, ni cha mwalimu mstaafu. Kinachotazama barabara ya Shinyanga ni cha fundi magari, ambaye ni lazima amwone kila anayemdai kabla yeye hajaonwa. Cha jirani na kaunta ni cha mjumbe, na hata mjumbe akiwa msibani Magu hakikaliwi. Hayo hayajaandikwa popote. Salimia kwanza, meza zote, ukianza na ya wazee, "mwadila" inatosha. Ukirudishiwa Kisukuma kirefu, tabasamu, sema "mhola", usiongeze neno. Ndipo uulize pa kukaa. Yule atakayekuambia "kaa popote tu, kijana wangu" ndiye mwenye kiti utakachochagua.

Kuhusu saa za kufika, ipo Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na kila mtu anaiheshimu. Ukipita saa tano asubuhi utakuta watu wanakunywa supu. Supu yenyewe iko kwenye kikombe kikubwa cha chai, ina povu, na mnywaji huifunika kwa kiganja askari akipita. Ni supu ya kuzimulia. Usiulize ni ya nyama gani.

Sasa mitindo. Mhudumu akija hatakuuliza kama unapenda chungu au tamu, nyeusi au ya dhahabu. Atasema, "Ya moto au ya baridi?" Jibu hapo hapo, anayefikiria huletewa ya moto. Mitindo ya bia ya Mkolani ni minne: ya moto, ya baridi, moja moto moja baridi, na ya ofa.

Ya moto haikupashwa. Imetoka kwenye kreti tu, haijawahi kuonana na friji, na wanaoinywa wana hoja zao: baridi inaumiza kifua, baridi inaficha ladha, ya moto inakolea. Usiwaone washamba. Huko Uingereza kuna chama, CAMRA, kilichoanzishwa mwaka 1971 kutetea bia ya pipani, inayonywewa kwenye nyuzi 12 hivi, na wanachama wake wanaweza kukuhutubia nusu saa nzima jinsi ubaridi unavyoua ulimi. Wazee wa Mkolani walifika kwenye msimamo huo bila kadi wala ada, umeme ukiwasaidia kwa kukatika. Ya baridi ni ya vijana na wageni. Ikiletwa, ishike kwa kiganja, kunja uso, sema "hii bado". Itaondolewa, na baada ya muda itarudi ile ile ikiwa imefutwa maji. Ishike tena, sema "hapo sawa". Moja moto moja baridi ni ya mafundi: chupa mbili, glasi moja, unamimina kidogo kutoka huku, kidogo kutoka kule, mpaka upate uvuguvugu wako binafsi ambao hakuna kiwanda kinachoutoa. Ukitaka bia iliyotengenezwa kwa mikono, ndiyo hiyo. Ila usiombe kuonja kwenye kibilauri kidogo kabla ya kununua. Hutakataliwa. Utaitwa "yule wa kuonja" mpaka uhame.

Baada ya joto, ndipo jina. TBL, ambayo mizizi yake ni kiwanda cha Dar es Salaam cha mwaka 1933, ina kiwanda hapa Mwanza. Serengeti nao wana chao. Kwa hiyo upo uwezekano mkubwa kwamba chupa iliyo mkononi mwako imesafiri umbali mfupi kuliko wewe, jambo ambalo kwenu lingeandikwa ukutani kwa chaki za rangi. Balimi, Safari, Kilimanjaro, Castle Lite, Serengeti: karibu zote ni lager. Usiseme hivyo mbele za watu. Safari ina kilevi asilimia 5.5, Kilimanjaro 4.5, na juu ya ile asilimia 1 ya katikati watu wamejenga tabia, urafiki na ugomvi wa miaka. Mnywaji wa Safari ni mtu mzima aliyeona mengi. Mnywaji wa Castle Lite ana kikao kesho asubuhi. Mnywaji wa Balimi atakusimulia mashindano ya mitumbwi ambayo bia hiyo iliyadhamini ziwani, na binamu yake wa Ukerewe aliyepiga kasia. Kila mnywaji wa Balimi ana binamu wa namna hiyo. Tusker ukiikuta, kumbuka ilipewa jina hilo baada ya tembo kumuua mmoja wa waanzilishi wa kiwanda cha Kenya mwaka 1923, hivyo ni bia iliyoanza kwa tahadhari. Ukiulizwa ipi bora, taja ya mwenye kiti.

Chupa ifunguliwe mbele yako. Ikija imefunguliwa, irudishe, hata kama aliyeileta ni shemeji yako. Na ikiisha, isiondolewe mezani. Chupa tupu ndiyo risiti. Wazee wanaikumbatia zaidi, maana wanakumbuka miaka ya 1980, bia ilipokuwa adimu na kreti za harusi zikatafutwa kwa kibali; siku hizo mwenye kreti tupu alikuwa mtu wa kusalimiwa kwanza. Mhudumu akikuambia, "Nikupunguzie chupa, bosi, upate nafasi," mwambie nafasi unayo. Atapunguza tu, ukienda msalani.

Sasa ofa, na hapa soma polepole. Ofa haiombwi, haikataliwi, haiandikwi. Chupa itatua mbele yako na mhudumu ataelekeza kwa kidevu: "Umenunuliwa na yule baba." Inua glasi, inamisha kichwa, sema "wabeja". Umeshaingia kwenye hesabu. Hakuna atakayekudai leo. Utaulizwa habari za watoto, utasifiwa shati, utaambiwa watu wa kwenu ni waungwana. Meza nzima itasubiri kwa subira ya mvuvi mpaka utakaposikia mdomo wako mwenyewe ukisema, "Dada, tuletee kama tulivyo."

Maneno hayo mawili, "kama tulivyo", ndiyo katiba. Maana yake: kila aliyeketi aletewe alichokuwa akinywa, pamoja na aliyefika sasa hivi, pamoja na aliyekuwa meza nyingine ila kiti chake kimesogea. Katika watu watano, kila mmoja akizungusha mara moja, kila mmoja amekunywa tano na amelipia tano, na kila mmoja anarudi nyumbani akiamini amekunywa nne za bure. Usiipige hesabu hii kwa sauti. Anayeumia kweli ni mlokole anayekunywa soda: zamu yake hulipia bia nne, zamu za wenzake hupokea soda nne, na bado ndiye anayeshukuru zaidi. Yuko pia yule ambaye simu yake huita zamu yake ikikaribia, akatoka nje kuongea na mtu wa Geita. Wote wanamjua, wote wanamhifadhia kiti. Wewe ukijaribu hivyo, hutahifadhiwa.

Fuatilia cheo chako, kitakuonyesha ulipofika. Ulipoingia uliitwa kaka. Ukisema "kama tulivyo", unakuwa bosi. Ukirudia, mzee. Ukiomba chenji, unarudi kaka. Ukiihesabu, huitwi kitu.

Chakula agiza mapema, kabla kiti hakijapata joto. Kuna sato wa kukaanga, kuna kitimoto kwa nusu kilo na ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili ambayo mpishi atakuambia si kali. Ukiulizia utajibiwa "inakuja". "Inakuja" ya kwanza maana yake moto haujawashwa. Ya pili, mtu ametumwa sokoni. Ya tatu, imeliwa na meza nyingine kwa bahati mbaya. Ikifika kweli, sema "karibuni". Watasema wametoka kula. Kila aliyetoka kula atachukua kipande kimoja cha heshima, na heshima ya Mkolani ni kubwa. Kichwa cha sato usikiguse, kina mwenyewe.

Ukisisitiza kwamba ulifuata bia ya watengenezaji wadogo, mtu atakuelekeza kilabuni, na ukubwa wa tabasamu lake usikutie shaka. Huko utapata komoni, wanzuki ya asali, na mwenye ndugu Bukoba anaweza kukupatia rubisi, ile ya maji ya ndizi yaliyochachushwa kwa mtama kwenye mtumbwi wa mti. Wachaga nao wana mbege: ndizi zilizochemshwa, ulezi, na magome ya msesewe ya kutia uchungu, kazi ambayo viwanda huagizia hopsi kutoka ng'ambo. Tazama sifa zake: hutengenezwa kidogo kidogo, haichujwi, haina vihifadhi, ladha ya jana si ya leo, na aliyeipika amekaa mbele yako. Kwenye baa za aina fulani Dar es Salaam ungelipia sifa hizo bei ya mlo wa familia. Hapa unalipia kata, na mpishi anaonja kwanza ujue si sumu. Usiitungie maelezo ya ladha. Hakuna mtu kilabuni aliyewahi kusikia harufu ya ndimu na msitu wa mvua ndani ya komoni, na hawataanza kwa ajili yako. Ukiletewa kitu kisicho na rangi kwenye chupa ya maji, hiyo ni gongo, iache. Hiyo haina mtindo, ina kesi.

Juu ya mazungumzo, yako huru. Unaweza kusema lolote kuhusu Simba na Yanga alimradi ulikuwa umeshajua meza ni ya nani. Siasa zinaruhusiwa kwa mafumbo. Siku ya Juni Waziri wa Fedha anaposoma bajeti Dodoma, usizungumze kabisa. Televisheni huongezwa sauti, baa nzima husikiliza ushuru wa bidhaa kama matokeo ya mtihani wa mtoto, na wanaojua uchumi kuliko waziri hujitokeza kwa wingi. Ukijikuta unawakubali wote wawili wanaobishana, umekunywa ya kutosha. Hutaondoka.

Bili itakapokuja, itakuwa na chupa mbili usizozijua. Hapo ndipo ungezihesabu zilizo mezani, ila uliruhusu zipunguzwe. Mhudumu atahesabu tena kwa upole mbele yako, kwa sauti, na mara hii zitakuwa tatu. Lipa. Lipa namba imebandikwa ukutani, mtandao utasumbua kidogo, na katika kusubiri ujumbe urudi mtu atasema, "Basi tupate ya kuondokea." Ya kuondokea huzaliwa pacha.

Kurudi, chukua bodaboda, usishike usukani. Na andaa maelezo ya nyumbani ukiwa bado unaweza kuyapanga. Mkolani iko njia ya Usagara na Kigongo, kwa hiyo kwa miaka mingi mtu wa huku alikuwa na sababu iliyokamilika: alitoka Sengerema, foleni ya kivuko Busisi ikamshika. Kila nyumba ilikubali, kwa sababu foleni ilikuwepo kweli. Juni 2025 likazinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, magari yanapita bila kusubiri, na mikoa jirani imefaidika. Kwenye baa hizi lilipokelewa kwa mseto wa hisia. Tangu hapo zimejaribiwa sababu nyingine: pancha, msiba, barabara kufungwa kwa ajili ya msafara. Hakuna hata moja iliyodumu wiki mbili. Wewe sema tu ulikuwa Mkolani, ulipita kwa moja. Jina la mtaa wataliamini.