Omani kwa Msafiri Anayejua Kila Kitu

Unakwenda kwa shangazi Maskati mwezi wa Juni, na umeshaambiwa Omani ni jangwa: mchanga, ngamia, basi. Vizuri. Usiulize zaidi.

Joto lisikutishe. Jangwa hupoa usiku, kila mtu anajua. Watu wa Quriyat, pwani kusini ya Maskati, walingoja usiku huo mwezi Juni 2018. Saa 24 zikapita kipimajoto hakijashuka chini ya nyuzi 42.6. Bahari ipo, tena mlangoni, lakini kiangazi kazi yake ni kutoa mvuke.

Ukitaka kuoga maji ya baridi, usiguse bomba la baridi. Tangi liko juu ya paa, linapikika tangu alfajiri. Fungua la moto: wenyeji wengi huzima hita msimu huo, maji yakatulia humo ndani kivulini. Shangazi atakueleza haya kwa Kiswahili cha Unguja, nawe utadhani anakutania.

Gari liegeshe katikati ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, pale penye kokoto safi na kivuli cha mgunga. Mbingu nyeupe, wingu hakuna. Wingu liko nyuma yako, kwenye milima ya Hajar, na mwamba haunywi maji. Mvua yote inateremka kukufuata. Ukinusurika na mafuriko, utakutana na polisi. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa.

Mwavuli uache nyumbani, kisha nenda Salala, kilomita elfu moja hivi kusini. Kusi, upepo ule ule uliorudisha majahazi Arabuni kutoka kwetu, huko huibua maji baridi ya vilindini, na hewa yenye unyevu ikipita juu yake hugeuka ukungu. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba milima ya Dhofar ni kijani kitupu. Watu wa Ghuba huendesha gari siku nzima wakatandike mkeka kwenye manyunyu. Mpemba hukuta minazi, migomba na madafu kando ya barabara, akaanza kuhesabu nauli yake.

Na rasi ya Musandam, kaskazini, je? Kwa gari unatoka Omani, unapita Falme za Kiarabu, unaingia Omani. Huko huko kuna Madha, kipande cha Omani kilichozungukwa na Falme, na ndani ya Madha kuna Nahwa, kipande cha Falme kilichozungukwa na Omani. Simu itakukaribisha nchi mpya kila bonde, na kila karibu ina bei yake. Zima data.