Uko Hewani, Zima Redio

Mchangiaji akikatwa simu hewani kabla hajamaliza kutaja jina lake, mji mzima huwa umesikia maneno mawili tu kutoka kwake: "Halo?" na "Nasikika?" Ajali hii hutokea karibu kila asubuhi katika midahalo ya siasa inayosikika kati ya Kitale na Bungoma, na juzi ilimpata mkulima mmoja wa Kiminini ambaye mwandishi wa maelezo haya anamfahamu kupita kiasi. Mkulima huyo alikuwa na swali kuhusu mbolea ya ruzuku. Mpaka sasa hakuna aliyelisikia.

Siku ya siasa redioni huanza alfajiri, saa kumi na moja hivi, kwa mapitio ya magazeti. Mtangazaji husoma vichwa vya habari vya magazeti ya Nairobi ambayo wakati huo bado yamo garini, mahali fulani kati ya Nakuru na Eldoret. Gazeti linapofika steji ya Kitale, habari yake kuu imeshabishaniwa, ikapingwa na kusahauliwa na watu ambao hawajaligusa. Hakuna anayeona kasoro. Katika mdahalo wa redio, kusoma habari yenyewe ni kujichelewesha.

Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne ndio mdahalo wenyewe. Mpaka katikati ya miaka ya 1990 Mkenya alikuwa na shirika moja la redio, la serikali, ambalo lilisema bila kuulizwa. Capital FM ikaja 1996, Kameme FM ikafungua mlango wa lugha za mama kwa vituo binafsi mwaka 2000, na leo mtu wa sehemu hizi akizungusha kitufe hukutana na West FM ya Bungoma, Redio Imani ya Kanisa Katoliki kule Kitale, Sulwe FM inayosema Lubukusu, na vituo vikubwa vya Nairobi visivyokosa mnara. Mada huwa mbili. Ya kwanza ni nani msemaji wa jamii ya Mulembe, yaani Waluhya, suala ambalo halijapata kupoa tangu mwanasiasa Masinde Muliro alipofariki 1992, na Michael Kijana Wamalwa naye akafariki 2003 akiwa Makamu wa Rais. Siku hizi linazunguka majina ya Spika Moses Wetang'ula na Gavana George Natembeya, na kila upande una wapigaji wake. Mada ya pili ni mahindi.

Kuingia hewani ni ufundi. Laini ya studio ni moja au mbili na wanaoitafuta ni wengi, kwa hiyo anayebahatika si mwenye hoja, ni mwenye kidole. Wapo wapigaji wa kudumu, wenye vyeo walivyojitunuku wenyewe, akina Mwenyekiti na Balozi, wanaojua kwamba laini hulegea pale tangazo la mwisho la dawa za mitishamba linapokaribia kwisha. Namba zao zimehifadhiwa studioni kwa majina. Wakipokewa huanza na salamu kwa mke, kwa mashemeji na kwa wote wanaowafahamu, kisha humpongeza mtangazaji kwa kazi nzuri, na muda ukiwaishia huwa hawajasema lolote, lakini wameongea. Mkulima wa kawaida hana ujuzi huo. Hukopa salio la Okoa Jahazi, hubonyeza namba, huambiwa inatumika, hubonyeza tena. Akipokewa huambiwa asubiri, nalo salio la mkopo huteketea akisubiri.

Mazingira ya ajali ya juzi yanafaa kuelezwa kwa utaratibu. Simu ya mkulima ilikuwa kwa kinyozi, kwenye chaji, kwa sababu umeme wa nyumbani ulipotea usiku uliotangulia. Isingeweza kuchomolewa, ingezima palepale. Redio ilikuwa ya kinyozi: spika mbili za gari zilizofungwa ndani ya sanduku la mbao juu ya mlango, zikiangalia barabara ili steji ya bodaboda isipitwe na kitu. Kitufe chake cha sauti kiling'oka zamani. Huzungushwa kwa koleo, na asubuhi hiyo koleo lilikuwa limeazimwa na fundi baiskeli.

Mtangazaji akasema, "Uko hewani. Unaitwa nani, na unapiga kutoka wapi?"

"Halo?" akasema mkulima.

"Halo?" likasema sanduku, likiwa limechelewa kidogo.

"Uko hewani, mzee."

"Nasikika?"

"Nasikika?"

"Mzee wangu, tafadhali zima redio yako."

"Si yangu," akasema mkulima, na huenda hilo ndilo jibu pekee la kweli lililotolewa katika kipindi kile. Kinyozi, mashine ikiwa katikati ya kichwa cha mteja, akatangaza kwa sauti iliyosikika hadi Bungoma kwamba redio haizimwi, mheshimiwa anakaribia kuongea.

Agizo la kuzima redio lina sababu nzuri, ingawa wengi hulitii bila kuijua. Sauti ya mpigaji hutoka simuni, huingia kwenye mixa ya studio, huchanganywa na ya mtangazaji na kupelekwa mnarani. Studioni hupangwa kwamba mpigaji arudishiwe kila sauti ya kipindi isipokuwa yake mwenyewe. Mafundi, kwa maneno mengine, wamehangaika sana ili mtu asijisikie. Lakini hawana mamlaka juu ya spika za kinyozi. Hapo sauti iliyotoka mnarani hunaswa na redio, humwagwa barabarani, huingia tena katika simu, hurudi studio na kuanza safari upya. Mzunguko ukiwa mfupi hutoa mluzi wa kutoboa masikio. Ukiwa mrefu hutoa mwangwi.

Na urefu wenyewe ni wa kustaajabisha. Kituo cha Nairobi kinaweza kufikisha matangazo yake kwenye mnara wa mbali kwa njia ya setilaiti, na setilaiti ya kazi hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, mahali ambapo inazunguka sawia na dunia na kuonekana haisogei. "Halo" ya Kiminini basi hupita mnara wa simu, huenda Nairobi, hupaa, hushuka, mwendo wa zaidi ya kilomita 71,000 kwa kupanda na kushuka peke yake, kisha humwangukia mwenyewe utosini kutoka juu ya mlango wa kinyozi. Mawimbi ya redio humaliza safari hiyo kwa karibu robo ya sekunde. Mashine za kubana sauti huongeza ucheleweshaji wao. Sasa, tangu Mmarekani Bernard Lee alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1950, inajulikana kwamba mtu anayesikia sauti yake ikimrudia imechelewa namna hiyo hushikwa na kigugumizi. Huvuta maneno, hurudia silabi, hunyamaza. Kuchelewa kunakovuruga zaidi ni kwa moja ya tano ya sekunde hivi. Huo si woga wala ushamba. Profesa angekwama vilevile chini ya lile sanduku. Isitoshe, simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, ilhali FM hufika hezi 15,000. Ndiyo maana mchambuzi aliyeketi studioni husikika mwenye kifua na busara, naye mpigaji husikika kama aliyefungiwa ndani ya debe. Sehemu kubwa ya hekima ya wachambuzi imo katika zile hezi zilizobaki.

Hewani haya hayakuelezwa. Mtangazaji alisema, "Naona mwenzetu bado hajajipanga," mchambuzi akacheka kicheko cha hezi 15,000, laini ikakatwa. Muda, ikaongezwa, umetutupa mkono. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini, kipindi kikiwa na zaidi ya saa mbili mbele yake, na ukapigwa wimbo mzima, ubeti kwa ubeti. Kabla ya saa mbili steji ya bodaboda ilikuwa imempa mkulima jina la Mzee Nasikika, na sasa hata watoto wa shule wanalijua. Deni la Okoa Jahazi lilikatwa kama kawaida.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku uliwekwa shilingi 2,500 mwaka 2023, na kaunti ya Trans Nzoia, ilipo Kiminini, hupanda mahindi Machi na Aprili. Mbolea ya kupandia ikifika ghalani mahindi yameshafika magotini, inakuja kupandia nini? Lingechukua sekunde kumi, na mheshimiwa alikuwa njiani kuingia studio.

Uwezo wa mtangazaji wa kukata simu una historia, na haifai kuudharau. Baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008, mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM alishtakiwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, akidaiwa kuchochea ghasia hewani; kesi yake ilianza kusikilizwa The Hague mwaka 2013 na ikafutwa Aprili 2016. Sheria ya Uwiano na Utangamano ilipitishwa 2008, na tangu hapo kila studio ina mkono ulio karibu na kitufe. Anayetukana kabila la mwenzake hukatwa, na hiyo ni haki. Lakini kitufe kilichowekwa kwa ajili ya chuki kimezoea kukata mbolea.

Saa saba mchana huja taarifa ya habari, ikifuatwa na matangazo ya vifo, ambayo ndiyo sehemu ya pekee ya siku ambapo majina yote husomwa hadi mwisho.

Alasiri mdahalo huhamia kwenye matatu. Kutoka Kitale, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, gari huteremka kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, na mawimbi ya FM hupungua kadiri vilima vinavyojiweka kati ya mnara na gari. Redio ya FM ina tabia ya kushika kituo chenye nguvu na kukitupa kabisa kilicho dhaifu, bila kuvichanganya. Vituo viwili vikiwa kwenye masafa yale yale, ahadi ya barabara iliyoanza kutolewa Kiminini humaliziwa na mganga wa miguu ya kufa ganzi. Abiria hawashtuki. Ukikaribia mpaka wa Uganda, huingia vituo vya Mbale, na ubishi huwa wa rais mwingine.

Jioni, baada ya taarifa ya saa moja, ni saa ya mheshimiwa. Katika kituo kimoja ambacho hakitatajwa, saa hiyo hulipiwa kwa bei ya matangazo na kuitwa mahojiano. Maswali huwa yameandikwa. Wapigaji watatu wa kwanza humwita kiongozi wetu mchapakazi, na mmoja wao husikika akikohoa mara mbili, mara moja simuni na mara moja nyuma ya mlango wa studio. Hakuna anayewaambia wazime redio.

Wakaazi wa Bungoma wanajua thamani ya kuuliza. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba kaunti ilikuwa imenunua wilbaro 10 kwa shilingi 109,320 kila moja, jumla shilingi 1,093,200, na ikaelezwa kwamba zilitengenezwa kwa chuma kisicholeta saratani. Watu walicheka redioni majuma kwa majuma, kwa kuwa kucheka hakukukatwa. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hakimtaki kwanza azime redio ya mtu mwingine. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na wapo maafisa wanaohesabu kipindi cha redio kuwa ushirikishwaji huo, wakiwahesabu hata waliokatwa. Kampala walikuwa na mpango bora zaidi: katika ekimeeza, mdahalo ulioanzishwa na Radio One, watu walikaa pamoja baani na kupokezana maikrofoni, bila simu, bila mwangwi. Serikali ya Uganda ilipiga marufuku midahalo hiyo Septemba 2009, bila shaka kwa sababu ilisikika.

Kuanzia saa tano usiku vituo vingi huiachia kompyuta nyimbo za injili na kufunga studio. Namba ya simu huendelea kutajwa, kwa kuwa ilirekodiwa, na anayepiga wakati huo hukuta laini haina msongamano wowote.