Mbao Mbili za Kupandia

Ukiwa na gari lililolala jijini Dar es Salaam, hesabu kwamba umejitangaza. Mlinzi wa getini ana maoni, dereva wa bodaboda ana maoni, na muuza mahindi ya kuchoma wa pale kwenye tuta anawazidi wote, maana yeye hulisikia kabla hajaliona: krrr! Bampa linasaga lami, nami natazama mbele utadhani ni gari la mwingine.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza, na wala si langu. Ni la mpwa wangu, aliyepata kazi Mwanza akaliacha kwangu. "Likae tu, mjomba. Uwe unalipasha moto mara mojamoja." Wajapani waliolitengeneza kati ya mwaka 1998 na 2005 walilipa kimo chake, mpwa wangu akaona wamezidisha. Aling'oa springi zao, akaweka fupi, na sasa kati ya tairi na fenda hakipiti kidole. Yeye anaita "stensi". Mke wangu anasema ni kumkomoa, kwa sababu kuingia ni lazima achuchumae na kutoka ni lazima avutwe mkono, tena mbele ya waumini wenzake.

Hayo tuliyazoea. Tusiloweza kulizoea ni lile la Barabara ya Kilwa, kwamba ukilegeza usukani kidogo tu gari linashika kushoto. Mwanzo sikulilaumu. Barabara huinuliwa katikati ili maji ya mvua yakimbilie pembeni, na kwa kuwa sisi tunapita kushoto, magari mengi huvutika kidogo upande huo. Lakini hili halikuwa likivutika. Lilikuwa linakwenda, kama lina ahadi na mtu. Kisha kijana wa kujaza upepo akapitisha kiganja upande wa ndani wa tairi la mbele, akakitoa haraka.

"Mzee, huku kuna waya."

Nikainama. Kwa nje tairi lilikuwa na meno yake yote, unaweza hata kulisifu. Kwa ndani lilikuwa kipara, na nyuzi za chuma zinachungulia.

Jirani yangu akanielekeza kwa fundi wa uzi, mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Msimcheke. Uzi uliovutwa sawasawa ubavuni mwa gari unasema kweli kuhusu magurudumu yalivyokaa, na hata timu za mashindano ya magari bado zinautumia. Mzee akaufunga, akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba lile lingine. Halafu akakunja uzi wake taratibu na kuutia mfukoni. "Hii peleka kwenye mashine," akasema, na hakutaka hata hela ya soda. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kwenye mashine, gari hupandishwa juu ya reli mbili za chuma zenye mteremko mfupi kwa mbele. Magari ya watu wazima yanapanda bila kuulizwa. Letu lilifika pale, mdomo wa bampa ukagota kwenye chuma, tairi likiwa bado liko mbali. Zikaitwa mbao mbili ziwekwe mwanzoni kulainisha kimlima. Mbao zikaita watu. Fundi akalala kifudifudi upande mmoja, msaidizi wake upande wa pili, dereva wa lori aliyekuja kuziba pancha akajiteua kuwa msimamizi.

"Njoo, njoo, njoo. Kata kulia. Njoo."

"Asije! Sampo hiyo!"

"Inapita, njoo!"

Wawili wanasema njoo, mmoja anapiga boneti makofi, na mimi ndani mguu unatetemeka juu ya klachi. Kazi yenyewe ya alaimenti si ndefu. Kupanda ndiyo safari.

Tulipopanda, fundi hakugusa kompyuta. Aliuliza kama tangi lina mafuta, akapima upepo wa kila tairi, akanyanyua gari kwa jeki na kuyatikisa magurudumu kwa mikono miwili, juu na chini, kushoto na kulia. "Ukipima juu ya boljointi iliyolegea," akaniambia, "umelipia picha tu." Nikampenda palepale. Kisha akaja na vile vibanio vinavyoshika rimu ili kamera isome gurudumu limekaaje. Kibanio kina kucha, na kucha ya juu ilitakiwa ipite kati ya tairi na fenda. Ndiyo, palepale pasipopita kidole. Akakizungusha kibanio kishike kwa ubavuni, huku akinung'unika kitu kuhusu vijana wa siku hizi. Nikanung'unika naye.

Skrini ikawaka nyekundu tupu. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameingiza vichwa ndani, zaidi ya digrii 2. Hiyo ndiyo kemba, na gari likishushwa magurudumu huinama hivyo yenyewe. Fundi akasema kemba inasingiziwa mno. Mlaji mkubwa wa tairi ni to, yaani matairi mawili ya mbele kutotazama sambamba. Yakipishana hata kidogo, tairi linaburuzwa upande huku linaviringika, siku nzima, na hakuna mpira unaohimili hilo. Mtu akishusha gari, to nayo inahama, ndiyo maana lazima arudi kupima.

Simu ikaita. Mpwa, tena kwa video.

"Mjomba, wasiguse kemba! Wakiisimamisha, gari litaonekana kama la kubebea maziwa!"

"Mwambie hizi bolti zimefunga ndoa na bushi," fundi akajibu kutoka uvunguni. "Hata nikitaka kuigusa haiguswi." Na kweli, bolti za kurekebishia nyuma zilikuwa zimeshikwa na kutu hadi moyoni, kuzitoa ni moto, nyundo na bushi mpya. Mpwa akashangilia. Sijawahi kuona mtu akiishangilia kutu.

Basi to ikanyoshwa, usukani ukakaa katikati, na tairi za mbele zikabadilishwa, maana waya si jambo la kubembeleza. Za nyuma fundi alizivua kwenye rimu na kuzigeuza, ubavu wa ndani ukawa wa nje, ili zilike zilipobaki. Si kila tairi linakubali hivyo. Zilizoandikwa "upande wa nje" huachwa zilivyo.

Nikapewa karatasi ya vipimo: mbele kijani, nyuma nyekundu, na chini kwa kalamu fundi ameongeza, "Gari fupi. Mteja amejulishwa." Nikashuka kwa mbao zilezile, kwa kamati ileile. Barabarani nikalegeza vidole. Altezza ikanyoka, kimya, mpaka kwenye tuta.

Jioni nikaipiga picha ile karatasi, nikamtumia mpwa wangu. Hakuuliza gharama. Hakuuliza tairi. Alikaa nayo kitambo, kisha akapiga.

"Mjomba, kemba ya nyuma kulia imepishana na ya kushoto kwa dakika 10 za digrii. Warudie."

Nikamwambia mtandao unasumbua.