Heko kwa Mwendo wa Kobe

Abiria wa Thika na Ruiru wanaodai kwamba tamthilia ya televisheni ya Twin Peaks ya 2017 inajikokota hawana shukrani. Mwongozaji wake, marehemu David Lynch, alikaa miaka 26, akarudi na vipindi 18, na katika cha saba mtu anafagia baa zaidi ya dakika mbili, bila neno. Ufundi ulioje! Serikali yetu iliuelewa vizuri: mwaka 2018 ilichora mstari mwekundu Thika Road kwa ajili ya mabasi yaendayo kasi, ikatuachia fumbo. Lynch alihitaji chumba kizima cha mapazia mekundu. Sisi rangi tu ilitosha. Tena yeye, maskini, alikosa uvumilivu, akamaliza. Sisi bado tuko kipindi cha kwanza, pale Githurai, dereva kazima injini. Mwenye haraka ashuke, asituharibie utamu.